Majina Katika Orodha: Wanafunzi Walipoichunguza Historia ya Chuo Chao



Ndugu msomaji, ukiingia katika seminari au chuo chochote cha Kanisa, mara nyingi utaona picha ukutani: askofu mwanzilishi, magombera waliotangulia, mapadre wa kwanza waliopata daraja kutoka nyumba hiyo. Karibu na mlango pengine lipo jiwe la msingi lenye tarehe. Mafrateri hupita hapo kila siku wakienda kanisani na wakirudi, na baada ya miezi michache hakuna anayezitazama tena. Picha zimekuwa pambo.

Katika somo hili tutatazama chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki ambako wanafunzi waliacha kupita tu. Walisimama mbele ya jina lililoandikwa kwenye jengo, wakauliza: huyu ni nani, na alifanya nini? Swali hilo liliwafikisha kwenye orodha ya watu 272 waliouzwa, na likakibadilisha chuo chao. Tutaangalia yaliyotokea, jinsi wanafunzi walivyofanya kazi, na swali gumu ambalo kila mwana wa Kanisa atakutana nalo akianza kufungua makabati ya zamani: je, ni halali kuyaeleza makosa ya nyumba yetu wenyewe?

1. Chuo na mashamba yake

Chuo Kikuu cha Georgetown kiko Washington, mji mkuu wa Marekani. Kilianzishwa mwaka 1789 na John Carroll, askofu wa kwanza Mkatoliki katika nchi hiyo, na tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 19 kimekuwa mikononi mwa Wayesuiti. Ndicho chuo cha elimu ya juu cha Kikatoliki kilicho kikongwe kuliko vyote Marekani.

Wayesuiti wa jimbo la Maryland walikuwa na mashamba makubwa, kama vile White Marsh, Newtown, St. Inigoes na St. Thomas Manor. Mapato ya mashamba hayo yalisaidia utume wao, pamoja na chuo. Waliolima humo walikuwa watumwa wenye asili ya Afrika. Watu hao walibatizwa, walifunga ndoa kanisani, walisali rozari na kuhudhuria Misa. Waliokuwa wakiwapa Komunyo ndio waliokuwa wakiwamiliki. Jambo hilo ni zito, na hatupaswi kulipita haraka.

Kufikia miaka ya 1830 chuo kilikuwa na madeni mengi, na mashamba hayakuleta faida iliyotarajiwa. Wayesuiti wakagawanyika. Wapo waliotaka watumwa waachwe huru polepole, na wapo waliotaka wauzwe. Mkuu wa Shirika huko Roma, Padre Jan Roothaan, aliruhusu mauzo kwa masharti: familia zisitenganishwe, watu wale wapate nafasi ya kuishi imani yao, na fedha zisitumike kulipa madeni.

Tarehe 19 Juni 1838 mkataba ulitiwa saini. Padre Thomas Mulledy, aliyekuwa rais wa chuo na baadaye mkuu wa provinsi, aliuza watu 272 kwa dola 115,000. Padre William McSherry alikuwa mshirika wake katika jambo hilo. Wanunuzi walikuwa Henry Johnson, aliyewahi kuwa gavana wa Louisiana, na Jesse Batey, mwenye shamba huko huko Louisiana. Novemba mwaka ule meli iitwayo Katharine Jackson iliondoka bandari ya Alexandria ikielekea New Orleans, ikiwa imebeba wengi wao.

Masharti ya Roma hayakutimizwa. Familia kadhaa zilitenganishwa. Huko walikopelekwa, kumpata padre kulikuwa shida. Na takriban dola 17,000 za malipo ya kwanza zilikwenda kulipa madeni ya chuo. Mwaka uliofuata, Desemba 1839, Papa Gregori XVI alitoa waraka wa kulaani biashara ya watumwa. Padre Mulledy alikwisha itwa Roma na kuachia madaraka ya provinsi. Hata hivyo, baada ya miaka michache alirudi Marekani na kupewa tena uongozi wa vyuo. Majengo yakaitwa kwa jina lake.

2. Kujulikana si kukumbukwa

Mtu anaweza kudhani kwamba habari hii ilifichwa chini ya kufuli hadi juzi. Haikuwa hivyo. Nyaraka za Wayesuiti wa Maryland zilihifadhiwa vizuri, na wanahistoria, wakiwamo Wayesuiti wenyewe, waliziandikia vitabu na makala. Katika miaka ya 1990 wanafunzi wa Georgetown wa masomo ya Kimarekani, pamoja na walimu wao, walianza kunakili hati za mashamba na kuziweka kwenye intaneti ili kila mtu azisome.

Kwa hiyo habari ilikuwepo. Aliyetaka kuitafuta angeipata. Lakini mwanafunzi wa kawaida aliingia chuoni, akasoma miaka minne, akahitimu bila kuisikia. Haikutajwa katika sherehe, na haikusikika katika mahubiri ya sikukuu ya chuo. Na wazao wa wale waliouzwa, wengi wao Wakatoliki wa Louisiana, hawakujua kwamba kuna chuo huko Washington chenye majina ya babu zao kabatini.

Hapa tunapata fundisho la kwanza. Hati iliyo kabatini ni kama mbegu iliyo ghalani. Haijaoza, lakini haijamlisha mtu. Utafiti wa historia ya nyumba hukamilika pale habari inapowafikia wale inaowahusu. Mtafiti anayeandika tasnifu nzuri, akapata alama zake na kuiacha kwenye rafu, amefanya nusu ya kazi.

3. Wanafunzi wanauliza

Mwaka 2014 mwanafunzi mmoja, Matthew Quallen, alianza kuandika makala kuhusu utumwa na chuo chake katika The Hoya, gazeti la wanafunzi. Wakati huo jengo la zamani la makazi ya Wayesuiti, lililoitwa Mulledy, lilikuwa linakarabatiwa ili liwe bweni. Wanafunzi wangelala, wangesoma na kucheka chini ya jina hilo. Quallen aliuliza kama wenzake wanajua ni jina la nani.

Mwaka 2015 rais wa chuo, John DeGioia, aliunda kamati ya walimu, wanafunzi, wahitimu na mapadre kuchunguza suala zima la utumwa, kumbukumbu na upatanisho. Mwenyekiti wake alikuwa Myesuiti na mwanahistoria, Padre David Collins. Novemba mwaka huo wanafunzi walikaa nje ya ofisi ya rais wakidai majina ya Mulledy na McSherry yaondolewe kwenye majengo. Baada ya siku chache bodi ya chuo ilikubali.

Tuangalie mpangilio wa mambo. Makala zilitangulia na madai yakafuata. Wanafunzi walisoma kwanza, wakaandika wakitaja tarehe na hati, wakawapa wenzao nafasi ya kuelewa, ndipo wakadai. Kelele bila utafiti huzimika upesi, kwa sababu mkubwa yeyote anaweza kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" na mkutano ukaishia hapo. Hawa walikuwa nao.

4. Kutoka namba hadi majina

Kwa muda mrefu waliouzwa walikuwa namba tu: 272. Namba haina uso. Kazi kubwa iliyofuata ilikuwa kuirudisha namba kuwa watu. Walimu na wanafunzi walianzisha hifadhi ya nyaraka za utumwa za Georgetown kwenye intaneti. Nje ya chuo, mhitimu mmoja, Richard Cellini, alianzisha mradi wa kuwatafuta wazao kwa msaada wa wataalamu wa nasaba. Mwezi Aprili 2016 gazeti la New York Times lilichapisha makala ya mwandishi Rachel Swarns, na maelfu ya watu wakaanza kujiuliza kama nao wamo.

Je, jina hutafutwaje? Kwa kulifuata kutoka hati moja hadi nyingine. Kwanza kuna orodha ya mashamba, yenye majina na umri wa watu waliohesabiwa kabla ya mauzo. Pili kuna hati ya mauzo. Tatu kuna orodha ya abiria wa meli. Nne kuna hati za rehani na mirathi za huko Louisiana, kwa maana watumwa waliwekwa dhamana na kurithiwa kama ng'ombe. Tano kuna sensa za serikali, ambazo baada ya utumwa kufutwa ziliwaandika kwa majina yao kamili. Na sita kuna vitabu vya Kanisa: ubatizo, ndoa, maziko.

Chukua mfano wa Cornelius Hawkins. Mwaka 1838 alikuwa mvulana wa miaka 13 hivi. Jina lake linaonekana katika nyaraka za mauzo, kisha anaonekana tena Louisiana akiwa mtu mzima. Alishuhudia mwisho wa utumwa, akafunga ndoa kanisani, akafa mwaka 1902, akazikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya mji mdogo wa Maringouin. Kaburi lake limeonekana. Watu walioishi karibu nalo maisha yao yote waligundua kwamba aliyelala pale ni babu yao, na kwamba safari yake ilianzia kwenye mashamba ya mapadre.

Hapa kitabu cha wabatizwa kinaonyesha uzito wake. Mfanyabiashara alimwandika mtumwa kwa jina moja, umri na bei. Padre, hata yule aliyekuwa sehemu ya mfumo wenye dhambi, alipombatiza alipaswa kuandika jina, wazazi na wasimamizi. Mstari ule mmoja, ulioandikwa kwa sababu Kanisa linaamini kwamba kila mbatizwa anaitwa na Mungu kwa jina lake, ndio ulioziunganisha familia baada ya miaka zaidi ya 170. Ndugu zangu mafrateri, kesho mtakapokuwa maparoko na kuona uvivu wa kujaza rejista Jumamosi jioni, kumbukeni Cornelius.

Utafiti uliendelea pia kusahihisha yaliyokwisha andikwa. Ilibainika kwamba si wote 272 waliosafirishwa. Wapo waliobaki Maryland kwa sababu mbalimbali, na wengine walitoroka kabla ya kukamatwa. Mtafiti mwaminifu haoni aibu kusahihisha hesabu yake.

5. Je, si kumvua nguo mama?

Sasa tufike kwenye swali gumu. Wapo waamini wema watakaosema: Kanisa ni Mama. Mtoto mwema hasimami sokoni kusimulia aibu za mama yake. Maadui wa Kanisa ni wengi. Kwa nini tuwape mawe ya kuturushia?

Hoja hii tusiidharau, maana imetoka kwenye upendo. Lakini tuipime kwa mafundisho ya Kanisa lenyewe.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya sifa njema ya mtu. La kwanza ni hukumu ya haraka, yaani kuamini ubaya wa mtu bila msingi wa kutosha. La pili ni usengenyaji, yaani kufunua makosa ya kweli ya mtu kwa wasioyajua, bila sababu ya haki. La tatu ni kusingizia, yaani kusema uongo. Mtafiti wa historia anaweza kuangukia yote matatu. Akikuta barua moja akamhukumu padre mzima, amehukumu haraka. Akisimulia udhaifu wa marehemu kwa ajili ya kuchekesha wenzake mezani, amesengenya. Akijaza pengo la ushahidi kwa kubuni, amesingizia.

Lakini tazama maneno "bila sababu ya haki". Katika habari ya Georgetown sababu ya haki ilikuwepo, tena nzito. Wazao wa waliouzwa walikuwa na haki ya kuwajua wazazi wao. Wanafunzi walikuwa na haki ya kujua jina lililo juu ya mlango wao ni la nani. Na wale 272 walikuwa na haki ya kuombewa kwa majina. Anayenyamaza mbele ya haki za namna hiyo hamlindi Mama. Anawanyima watoto wengine wa Mama huyo huyo kilicho chao.

Kuna pia hoja ya zama: kwamba wakati ule kila mtu aliona utumwa ni jambo la kawaida, basi tusiwahukumu kwa macho ya leo. Ni kweli kwamba mwanahistoria lazima awaelewe watu ndani ya wakati wao. Lakini je, "kila mtu" ni nani? Katika miaka ya 1790 Edward Queen, mtumwa katika shamba la White Marsh, alimshitaki mahakamani Padre John Ashton, msimamizi wa shamba, akidai kwamba bibi yake alikuwa mwanamke huru. Mwaka 1794 alishinda kesi na akapata uhuru. Kwa hiyo miaka zaidi ya 40 kabla ya mauzo, watu wa mashamba yale walikwisha sema kwa sauti, mbele ya hakimu, kwamba hawakubaliani. Tukisema "kila mtu aliona ni kawaida", tunamwondoa Edward Queen katika hesabu ya watu. Ndilo kosa lile lile la zamani.

Papa Leo XIII alielewa jambo hili. Mwaka 1881 alifungua hifadhi ya nyaraka ya Vatikano kwa watafiti, na miaka miwili baadaye aliwakumbusha wanahistoria kwamba hawapaswi kuthubutu kusema uongo wala kuogopa kusema ukweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 43, ulikiri kwamba katika karne nyingi wamekuwepo wanakanisa, waklero na walei, wasiokuwa waaminifu kwa Roho wa Mungu. Na Papa Yohane Paulo II, mwaka 1992, alisimama katika kisiwa cha Gorée, Senegali, akaomba msamaha wa mbingu kwa ajili ya dhambi ya biashara ya watumwa. Kama Baba Mtakatifu alikwenda hadi mlangoni pa nyumba ya watumwa, sisi tunaogopa nini kufungua kabati?

Wahenga wetu walisema: mficha uchi hazai. Nyumba isiyoweza kutaja kosa lake haiwezi kutubu, na nyumba isiyotubu haizai utakatifu.

6. Majuto, maungamo, malipizi

Sisi Wakatoliki tunazo hatua za kumrudia Mungu: majuto moyoni, maungamo kwa kinywa, malipizi kwa matendo. Safari ya Georgetown inaweza kusomwa kwa hatua hizo.

Majuto yalianza pale wanafunzi waliposhindwa kulala vizuri chini ya jina la Mulledy.

Maungamo yalifanyika hadharani tarehe 18 Aprili 2017. Katika ibada ya kumbukumbu, toba na matumaini, wazao wa waliouzwa walikaa mbele, na kiongozi wa Wayesuiti wa Kanada na Marekani, Padre Timothy Kesicki, akakiri dhambi ya Shirika lake na kuomba msamaha. Siku hiyo majengo yalipewa majina mapya. Moja liliitwa Isaac Hawkins, mzee ambaye jina lake ni la kwanza katika hati ya mauzo. La pili liliitwa Anne Marie Becraft, mwanamke huru Mwafrika aliyefungua shule ya wasichana weusi katika mtaa wa Georgetown miaka ya 1820, kisha akawa mtawa wa Shirika la Masista Waoblate wa Maongozi ya Mungu.

Malipizi ndiyo hatua ngumu, na hapa watu hawakuwa na sauti moja. Chuo kiliamua kwamba wazao watakaoomba nafasi ya kusoma watapewa uzito sawa na watoto wa wahitimu. Kwa wengi hilo halikutosha. Aprili 2019 wanafunzi walipiga kura ya maoni: kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza achangie dola 27.20 kwa muhula, kiasi kilichochaguliwa kukumbusha namba 272, kwa ajili ya miradi ya kuwafaidi wazao. Takriban theluthi mbili ya waliopiga kura walisema ndiyo. Waliosema hapana walikuwa na hoja zao pia: kwa nini mwanafunzi wa leo, pengine mtoto wa mhamiaji maskini, alipe deni la taasisi? Hatimaye uongozi uliamua kukusanya fedha hizo kwa michango badala ya ada. Mwaka 2021 Wayesuiti wa Marekani walitangaza lengo la kuchangisha dola milioni 100 kwa ajili ya mfuko wa pamoja na wazao.

Je, inatosha? Wazao wenyewe bado wanajadiliana. Tunachojifunza ni kwamba anayekosewa ndiye anayepaswa kusikilizwa kwanza malipizi yanapopangwa. Lawama kubwa ya wazao mwanzoni ilikuwa hiyo: kamati ya kwanza ilikaa kujadili habari zao bila wao kuwemo.

7. Na sisi je?

Historia ya Kanisa letu katika Afrika ya Mashariki inagusana na utumwa kwa namna yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, na kuanzisha kijiji cha Wakristo. Tunaijua habari hiyo na tunajivunia, kwa haki. Lakini tunawajua wamisionari kwa majina na picha. Wale waliokombolewa tunawajua wangapi? Walitoka wapi? Walipenda nini, walilalamikia nini ndani ya kijiji kile? Wanahistoria wameanza kuuliza walikuwa na uhuru kiasi gani mle ndani. Vitabu vya ubatizo na barua za wamisionari vina majibu kwa atakayesoma kwa subira.

Si lazima kila nyumba iwe na kosa kubwa. Mara nyingine kilichosahauliwa ni wema. Nani alitoa ardhi ya seminari yako? Nani alichoma matofali ya kanisa lenu? Makatekista walioifundisha parokia kabla ya kupata padre wamezikwa wapi? Mpishi aliyewalisha mafrateri kwa miaka 30 jina lake limeandikwa popote? Methali yasema mwacha asili ni mtumwa. Anayetaka kuanza afuate hatua hizi.

Kwanza, omba ruhusa. Sheria ya Kanisa inamtaka askofu awe na hifadhi ya kihistoria ya jimbo (kanuni ya 491), na kila parokia iwe na vitabu vyake na mahali pa kuvitunza (kanuni ya 535). Hifadhi ya siri ya jimbo ni jambo jingine. Hiyo ina ufunguo wa askofu peke yake (kanuni ya 490), na mtafiti haigusi.

Pili, anza na wazee. Karatasi itasubiri, mzee hatasubiri. Nenda na daftari, salimia, keti, sikiliza. Usimkatishe kwa maswali ya tarehe. Tarehe utazipata katika rejista.

Tatu, linganisha. Masimulizi ya mzee, shajara ya misheni na kitabu cha wabatizwa vikipatana, una msingi. Vikitofautiana, andika tofauti hiyo, usichague kinachokupendeza.

Nne, wakumbuke walio hai. Habari za dhambi au maradhi ya mtu aliye hai, au ya marehemu ambaye watoto wake ni majirani zako, si za kutangaza. Jiulize daima: nani ana haki ya kujua hili?

Tano, rudisha ulichopata. Kisome kwenye jumuiya ndogondogo. Bandika majina ukutani karibu na zile picha. Na mwezi Novemba, tunapowaombea marehemu, yatajwe kwenye Misa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika seminari au parokia yako, ni majina ya nani yameandikwa kwenye majengo? Ni nani waliofanya kazi na hawakuandikwa?

2. Eleza tofauti kati ya mtafiti wa historia na msengenyaji kwa kutumia Katekisimu, namba 2477.

3. Kama ungekuwa mwanafunzi wa Georgetown mwaka 2019, ungepiga kura ya ndiyo au hapana? Toa sababu.

4. Ni mzee gani katika parokia yako ambaye hujamsikiliza bado? Mtamtembelea lini?

Tumalizie pale tulipoanzia, mbele ya picha za ukutani. Kesho asubuhi ukienda kanisani, simama kidogo. Soma jina moja. Kisha uliza ni nani alisimama nyuma ya mpiga picha, akishika jembe au sufuria, ambaye hakuitwa aje apigwe picha. Mungu anamjua. Ingefaa nasi tumjue.